Transfoma Haina Omu Zake: Kulinganisha Spika na Valvu kwenye Amplifaya ya Gita ya Kujiundia

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya mkusanyiko wa waundaji wa amplifaya za valvu, yaani zile taa za kioo zinazokuza ishara ya gita. Tumeiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani haimo.

Mafundi wenzetu, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Karibuni.

Tuanze na swali. Umepata transfoma ya kutolea sauti. Ubavuni imeandikwa omu 6,600 kwa omu 8. Unachukua multimita, unapima koili ya msingi (ya upande wa valvu) kutoka ncha hadi ncha, unasoma omu 180. Unapima koili ya upili (ya upande wa spika), unasoma chini ya omu moja. Je, umepewa kitu kibovu? Hapana. Zile omu 6,600 hazimo ndani ya chuma kile, wala hazijawahi kuwamo. Transfoma haina omu zake.

Tunalirudia kwa makusudi, kwa sababu makosa mengi ya kazi hii yanaanzia hapo: transfoma haina omu zake. Ina mizunguko ya waya upande huu na mizunguko mingine upande ule, basi. Uwiano wa mizunguko hiyo hugeuza volteji, na mraba wa uwiano huo hugeuza omu. Mizunguko ya msingi ikiwa mara 28.7 ya ile ya upili, mraba wake ni karibu 825. Funga spika ya omu 8, valvu zitaona omu 6,600. Funga ya omu 4, zitaona 3,300. Funga ya omu 16, zitaona 13,200. Transfoma ni ileile, haijabadilika hata uzi mmoja. Ni kama gia ya baiskeli: gia haina mlima wala bonde, inaamua tu mlima ulioko mbele yako utausikiaje miguuni.

Sasa sikilizeni kisa ambacho hutokea kwenye karakana nyingi. Fundi ana transfoma imara iliyotoka kwenye amplifaya ya valvu mbili za aina ya 6L6, omu 4,000 kwa omu 8. Anataka kujenga amplifaya ndogo ya valvu mbili za aina ya EL84, na karatasi ya vipimo ya valvu hiyo inasema kwa volti 300 zinataka omu 8,000 kutoka anodi hadi anodi (anodi ni bamba la valvu linalopokea elektroni). Anaiangalia transfoma yake, anaona 4,000, anaiweka kabatini na kuagiza nyingine. Kwa nini? Angefunga spika ya omu 16 kwenye tapu ya omu 8 (tapu ni waya wa upili uliotengwa kwa spika ya omu fulani), angepata 8,000 kamili. Transfoma ingekuwa kubwa kuliko mahitaji, na hilo halina madhara zaidi ya uzito.

Lipo angalizo moja hapo. Besi hupita kulingana na induktansi ya koili ya msingi (uwezo wake wa kupinga mabadiliko ya mkondo) ikilinganishwa na mzigo, yaani omu ambazo valvu zinaona. Ukiuongeza mzigo maradufu, mahali besi inapoanza kupungua hupanda maradufu. Transfoma iliyokuwa ikianza kupunguza kwenye hezi 30 itaanza kwenye 60. Uzi mnene wa gita la kawaida ukipigwa wazi hutoa hezi 82, kwa hiyo hasara hiyo inavumilika. Kwa gita la besi, tafuteni transfoma nyingine.

Na kama haina lebo? Hapo hatubahatishi, tunapima. Itoe kabisa kwenye amplifaya. Kwa multimita, tafuta nyaya zinazoungana. Zile tatu zenye makumi au mamia ya omu kati yake ni za koili ya msingi: mbili za anodi na moja ya katikati. Ukikuta nusu moja ina omu 85 na nyingine 95, usishtuke. Nusu iliyosukwa kwa nje hutumia waya mrefu zaidi kwa mizunguko ileile. Halafu chukua transfoma ndogo ya umeme inayotoa volti 12 za AC, yenye fyuzi, na uzipeleke volti hizo kwenye nyaya mbili za anodi. Pima upande wa upili. Tuseme umesoma volti 12.0 ndani na 0.42 nje. Gawanya: 28.57. Zidisha kwa yenyewe: 816. Zidisha kwa 8: omu 6,530. Hiyo ni transfoma ya 6,600 kwa tapu ya omu 8.

Lakini umejuaje kuwa tapu ile ni ya omu 8? Hukujua. Kwa hiyo pima tapu zote. Tapu za omu 4, 8 na 16 hutoa volteji zenye uwiano wa 1, 1.41 na 2. Kwenye mfano wetu utasoma 0.297, 0.42 na 0.594. Ukiona uwiano huo, kila tapu imejitaja yenyewe. Ikiwa upili una nyaya mbili tu, fanya hesabu kwa spika ya 4, ya 8 na ya 16, kisha uangalie ni jibu lipi linaloendana na valvu zilizokuwa zikitumiwa na transfoma hiyo. Na tafadhali, usiigeuze kazi hii kinyume kwa kupeleka volti 6.3 za filamenti (uzi unaopashwa moto ndani ya valvu) kwenye upili. Kwa uwiano huohuo, volti 180 zitatokea upande wa msingi, kwenye nyaya zilizo wazi karibu na vidole vyako.

Sasa tuje kwenye valvu. Valvu inataka mzigo gani?

Jibu la haraka liko kwenye karatasi za vipimo, na wengi wenu mnalijua. 6V6 moja kwa volti 250: omu 5,000, wati 4.5. EL84 moja kwa volti 250: kama omu 5,200. 6V6 mbili kwa volti 285: omu 8,000. EL34 mbili kwa volti 375: omu 3,400. 6L6GC mbili kwa volti 450: omu 5,600, wati 55. Namba hizi ni nzuri kuanzia, lakini kila moja imefungwa kwenye volteji yake. Anayebeba omu na kuiacha volteji amebeba nusu ya habari.

Tuchukue hiyo ya mwisho tuifungue. Valvu mbili zinapopokezana, kuna wakati moja imelala kabisa na nyingine inafanya kazi yote. Valvu hiyo inaona robo ya omu zilizoandikwa, kwa sababu inatumia nusu ya mizunguko, na nusu ukiiweka kwenye mraba inakuwa robo. Robo ya 5,600 ni 1,400. Anodi inaanza kwenye volti 450 na inaweza kushuka hadi karibu volti 58 kabla ya kufika kwenye goti la mchoro, pale ambapo mkondo unaanguka. Mteremko huo ni volti 392. Gawanya kwa 1,400: miliampea 280. Nusu ya 392 mara 0.28: wati 55. Imetoka sawasawa na karatasi. Mchoro ule wa ukutani ni hesabu hii tu, imechorwa kwa rula.

Kwa nini tumeichimba hesabu hii? Kwa sababu ndiyo inayotueleza kinachotokea tukikosea. Makosa ya mzigo yako mawili, na hayafanani. Tunasisitiza: hayafanani.

Kosa la kwanza ni mzigo mdogo mno. Kwenye amplifaya hiyohiyo, umechomeka spika ya omu 4 kwenye tapu ya 8. Valvu sasa inaona omu 700. Ingetaka kupitisha mkondo maradufu lakini haiwezi. Tuseme imefika miliampea 300 ikaishia hapo. Volteji juu ya mzigo ni 210 tu, nguvu inayofika kwenye spika ni kama wati 31. Nyingine zimekwenda wapi? Kwa makadirio, ukipiga kwa sauti kamili, kiunga umeme, sehemu inayoilisha amplifaya umeme, kinatoa wati 86. Wati 55 zilizobaki zinageuka joto ndani ya valvu mbili, zaidi ya wati 27 kila moja. Mzigo ukiwa sahihi, kila moja ingebeba kama 13. Kikomo cha 6L6GC ni wati 30. Kwa hiyo valvu zinachoka upesi, sauti inapungua, lakini transfoma ya kutolea sauti haina shida kubwa. Ya umeme ndiyo itapata joto zaidi.

Kosa la pili ni mzigo mkubwa mno, na hapa ndipo transfoma zinapokufa. Spika ya omu 16 kwenye tapu ya 8: valvu inaona 2,800. Anodi inafika kwenye goti kwa miliampea 140 tu, nawe bado unaisukuma gridi, ule wavu unaoongoza mkondo wa valvu. Anodi ikikaa chini kabisa, elektroni hutafuta pa kwenda, na mahali palipo wazi ni gridi ya skrini, wavu mwingine ulio kati ya gridi na anodi, yenye volti nyingi kuliko anodi kwa wakati huo. Skrini inaanza kuwaka rangi ya machungwa. Ndiyo maana tunaweka rezista kwenye kila skrini, omu 470 za wati 5 kwa 6L6, omu 1,000 kwa EL34. Msiziache. Ni sehemu ndogo zinazookoa valvu.

Na mzigo usipokuwepo kabisa? Mwanamuziki anafika jukwaani, waya wa spika umekatika ndani ya plagi, hauonekani kwa nje. Anawasha, hasikii kitu, anapandisha volyumu, bado hasikii, anaipandisha tena hadi mwisho na kupiga nyuzi zote kwa nguvu. Katika kazi ya kawaida anodi hushuka hadi 58 na kupanda hadi karibu volti 840. Sasa hakuna kitu cha kunyonya nguvu iliyohifadhiwa kwenye chuma. Valvu inapokata mkondo ghafla, volteji inaruka hadi elfu kadhaa. Inapasua insulesheni kati ya tabaka za koili, au inaruka kwenye soketi. Kwenye soketi ya 6L6 anodi ni pini ya 3 na filamenti ni pini ya 2, zimekaa bega kwa bega. Cheche hupita hapo, na huacha mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Mstari ule ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Msiukwangue mkadhani mmemaliza. Itupeni soketi nzima, wekeni mpya, kisha pimeni transfoma kabla hamjaiwasha tena.

Kinga zipo na ni za bei ya chini. Fender, kampuni ya gita na amplifaya, waliweka jeki ya spika inayojifunga yenyewe kwa shoti usipochomeka kitu, maana shoti ni mzigo mdogo mno, na mzigo mdogo mno ni kosa la kwanza, si la pili. Jeki hiyo haisaidii waya ukikatika ndani, kwa sababu plagi bado imechomekwa. Kwa hilo, wekeni rezista ya omu 220 hadi 470, wati 5 au zaidi, moja kwa moja kwenye upili. Spika ikiwepo, athari ya rezista hiyo haionekani. Spika ikitoweka, angalau kuna kitu. Wengine huongeza dayodi tatu za 1N4007 mfululizo kutoka kila anodi hadi ardhi, kathodi ya dayodi ikielekea anodi ya valvu, ili volteji isizame chini ya sifuri upande mmoja na kuruka upande wa pili. Sisi tunaweka kinga zote mbili, rezista na dayodi.

Tuje kwenye spika. Omu zilizoandikwa nyuma ya spika ni jina tu, si kipimo. Spika ya omu 8 ukiipima kwa multimita husoma 6 hadi 6.5. Ya 16 husoma 12 hadi 13. Kwa sauti halisi, spika ya gita ndani ya kabati hupanda hadi makumi ya omu kwenye mwangwi wake (hezi ambazo koni yake hutetemeka kwa urahisi zaidi), mara nyingi kati ya hezi 70 na 110, hushuka karibu na thamani yake ya jina kwenye hezi 400 hivi, kisha hupanda tena kadiri sauti inavyozidi kuwa nyembamba. Mnaona maana yake? Hakuna wakati ambapo valvu zinaona omu 5,600 kamili kwa noti zote. Kwa hiyo tofauti ya asilimia 10 au 20 isiwanyime usingizi. Aliye na transfoma ya 6,600 na valvu zinazotaka 5,600 ajenge tu. Maradufu kwenda chini huvumilika kwa muda kwenye amplifaya yenye valvu nzima. Maradufu kwenda juu tunashauri msifanye, isipokuwa mmeshapiga hesabu na kuona kuwa mzigo unaotokea ndio valvu zinaoutaka, kama kwenye kile kisa cha EL84.

Kuna historia nzuri hapa. Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 1950, ile yenye mchoro wa 5F6-A, ilikuwa na spika nne za inchi 10, kila moja omu 8, zote sambamba. Nane gawanya kwa nne: omu 2. Mwaka 1962, huko London, duka la Jim Marshall lilitengeneza amplifaya kwa kufuata mchoro huo, lakini kwa kabati la spika nne za inchi 12 lililounganishwa kufikia omu 16. Mchoro ni uleule karibu wote, lakini upili wa transfoma haukuweza kuwa uleule. Na tazameni jambo linalofichika. Mrejesho hasi, yaani sehemu ndogo ya sauti inayorudishwa nyuma ili kuituliza amplifaya, huchukuliwa kutoka kwenye waya wa spika. Kwa nguvu ileile, volteji kwenye omu 16 ni mara 2.83 ya ile ya omu 2. Ukihamisha waya wa mrejesho kutoka tapu ya 2 kwenda tapu ya 16 na kuiacha rezista ileile, umeongeza mrejesho karibu mara tatu, na sauti imebadilika: inakuwa ngumu, safi kwa muda mrefu zaidi, kisha inavunjika ghafla. Kama mnataka tabia ya zamani, rezista ya mrejesho ya kilo-omu 27 iwe karibu kilo-omu 76, 75 itatosha. Na mkiiwasha mara ya kwanza ikapiga yowe, mrejesho umegeuka kuwa chanya. Izimeni, badilishaneni nyaya mbili za anodi, yowe litakwisha.

Makabati mawili sambamba: 8 na 8 ni 4. Hilo ni rahisi. 16 na 8 ni 5.3, tumieni tapu ya 4, lakini jueni kabati la omu 8 litapokea theluthi mbili za nguvu yote. Kama spika zake ni dhaifu, ndizo zitakazoungua.

Wapo wanaouliza kuhusu amplifaya ya valvu nne, kutoa mbili ili kupunguza nguvu. Inawezekana. Toeni za nje mbili au za ndani mbili, kutegemea uunganishaji, ili ibaki moja kila upande. Valvu mbili zinataka omu maradufu ya zile zinazotakiwa na nne, kwa hiyo kabati la omu 16 lichomekwe kwenye tapu ya 8. Kama bayasi, yaani volteji inayoweka mkondo wa valvu zikiwa zimetulia, ni ya rezista ya kathodi (ile sehemu ya valvu inayotoa elektroni) inayotumiwa na zote nne, rezista hiyo nayo iwe maradufu.

Amplifaya ya valvu moja ina sheria yake. Mkondo wa DC unapita upande mmoja tu wa chuma bila kitu cha kuupinga, miliampea 45 au zaidi, saa zote. Transfoma ya valvu moja ina mwanya mwembamba kwenye kiini chake ili chuma kisishibe sumaku. Ya valvu mbili haina mwanya wa maana, kwa sababu mikondo miwili hufutana. Fundi akichukua transfoma ya valvu mbili, omu zikiwa sahihi kabisa kwenye karatasi, akaifunga kwenye EL84 moja, atapata sauti nyembamba, besi imekufa, na atahangaika kubadili kapasita mchana kutwa. Kapasita hazina kosa. Chuma kimeshiba.

Mwisho, jinsi ya kuhakikisha. Msijaribu kwa spika. Tengenezeni mzigo wa rezista wa omu 8, wenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati mnazotarajia, ukiwa umefungwa kwenye bati nene la kupoozea. Pelekeni sauti ya hezi 1,000 kwenye ingizo, pandisheni hadi mawimbi kwenye osiloskopu yaanze kukatika vichwa, kisha rudisheni kidogo. Someni volti za AC juu ya rezista, ziwekeni kwenye mraba, gawanyeni kwa 8. Volti 20 ni wati 50. Andikeni. Zimeni, subirini, hakikisheni kapasita kuu imeshuka chini ya volti 10 kabla mkono haujaingia ndani. Kisha rudieni kwa omu 4 kwenye tapu ileile, halafu kwa muda mfupi sana kwa omu 16. Kama omu 8 imetoa wati nyingi kuliko zote mbili, mko mahali sahihi. Kama omu 4 ndiyo iliyoshinda, transfoma yenu ina uwiano mkubwa kuliko mnavyodhani. Na kama ni 16 iliyoshinda, angalieni kwanza valvu kama zimechoka. Valvu iliyochoka haiwezi kutoa mkondo, hivyo hupenda mzigo mkubwa.

Amplifaya ya 6L6GC iko mezani pamoja na rezista tatu za mzigo na osiloskopu. Anayetaka kupima mwenyewe asogee, mmoja mmoja, na mkono mmoja ukae mfukoni.